Nilimwambia Maji Yatarudi

Rehema mwanangu,

Asubuhi, ulipokuwa unakunja nguo zako, uliniuliza kama mama mdogo Zena atakuja kukuaga. Nikakujibu "Atakuja," huku nikijifanya natafuta kiberiti. Nilikudanganya. Mdogo wangu hajui hata kwamba kesho unaondoka. Ni miaka mitatu sasa sijasemezana naye, na miaka hiyo yote wewe umekuwa ukinizunguka na swali lako, mara kwa upole, mara kwa kununa, nami nakwambia mama mdogo ana kazi nyingi huko Mwamgongo. Kazi gani hiyo isiyojua Idi wala msiba? Ulishajua kwamba nakuficha kitu. Una adabu tu.

Sasa umetoka kwenda kuwaaga wenzako hapa Katubuka, na mimi nimekaa mezani na karatasi nilizochana kwenye daftari langu la kazi. Jua bado lipo. Nimechoka, Rehema. Kufunga begi lako hakujanichosha, ingawa hilo begi nalo lina mambo yake. Kilichonichosha ni jambo moja nililolibeba bila kulitua, na kila nikitaka kulisema, mdomo unageuka na kuuliza umekula nini. Nataka nilitue kabla hujapanda treni. Kazi unayokwenda kufanya na kazi yangu ni ndugu, na kosa nililolifanya mimi linaweza kuwa linakungoja hukohuko.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa na kushusha chandarua sitayaandika. Nimeyasema tangu ukiwa na miaka minne na bado unalala mbu wakikuimbia.

Wewe unakwenda bwawani. Umenieleza jana, ukichora na kijiti pale uani, kwamba utakuwa unatazama maji yamefika wapi, na ikiamuliwa yapunguzwe, ninyi ndio mtakaofungua malango. Juu ya bwawa kuna hoteli na boti za kutembeza wageni, na wenye hoteli wanataka maji yakae juu siku zote, ufukwe upendeze, watu wapige picha. Chini ya bwawa kuna wakulima wenye mpunga kandokando ya mto, na hao hawataki kushtukizwa. Ukiyazuia sana, siku utakayoyaachia yatakwenda kwa hasira. Ukiyaachia mapema, boti za wageni zitakaa kwenye tope na simu yako haitanyamaza. Nilikusikiliza nikacheka, ukadhani nakucheka wewe. Nilikuwa najicheka mimi, maana nimelalamika maisha yangu yote kwamba ziwa letu halina lango la kufungua. Maji ya Tanganyika yanatokea ng'ambo, Kongo, kwa mto Lukuga, tena yakipenda. Kumbe mwenye lango naye hana raha.

Mimi kazi yangu ni kusoma tu. Unaijua ile rula yangu pale karibu na gati, ubao mweupe wenye alama nyeusi uliosimikwa majini. Ulipokuwa darasa la kwanza ulimwambia mwalimu kwamba mama yako anapima ziwa kwa rula, ukachapwa kwa uongo, ikabidi niende shuleni kukutetea. Saa tatu asubuhi nashuka ngazi, saa kumi na moja jioni nashuka tena. Siku ya mawimbi huwezi kusoma mara moja ukaondoka. Unachutama pale ngazi ya mwisho, unaangalia wimbi linapopanda limegusa alama ipi, likishuka limeacha ipi, unangoja mara kadhaa, ndipo unachukua katikati na kuandika. Ukiwa na haraka utaandika wimbi ukidhani umeandika ziwa. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza na mzee aliyeniachia kazi. Nililishika vizuri sana, kwa miaka mingi, nikawa najisifu.

Halafu ikaja ile miaka ya maji. Wewe ulikuwa chuo, uliona picha tu kwenye simu. Kawaida ziwa hupanda masika na kushuka kiangazi, kila mtu wa ufukweni analijua hilo kama anavyojua mlango wa kwake. Lakini safari hii lilikuwa likipanda hatua mbili na kushuka moja. Likameza rula yangu, tukasimika nyingine juu yake, likaanza kuipanda na hiyo. Mabanda ya ufukweni, yale ya watu kunywa soda Jumapili, yakabaki mapaa tu. Pale Kibirizi wanawake wa dagaa walikuwa wanahamisha vichanja vyao vya kuanikia kila baada ya miezi michache, wakisema Wakongo wamefunga koki. Na wote walijua mimi ndiye wa rula. Nikienda sokoni, nikienda msibani, hata nikiwa nimejitanda nakwenda kliniki, swali lilikuwa moja: "Mama Rehema, maji yatarudi?"

Maana yao: yatarudi mahali pake, tupate viwanja vyetu? Nami nilikuwa najibu, "Yatarudi, yatarudi." Ningesema nini? Siku moja nilimwambia dada mmoja muuza mihogo kwamba naona yatazidi kupanda. Akanipigia kelele mbele ya watu: "Mama, usituchurie!" Tangu hapo nikajifunza kwamba mtu wa rula akisema maji yatapanda, yeye ndiye ameyapandisha. Nikachagua kupendwa.

Mama mdogo Zena nyumba yake unaikumbuka. Ndiko ulikojifunzia kuogelea, akikushika kiuno na mkono mmoja, mkono wa pili ana kikombe cha chai. Nyumba ya tofali, chumba na sebule, jiko pembeni, na mbele, upande wa ziwa, uwanja wake wa kuanikia, mzuri kuliko yote pale Kibirizi. Masika ya kwanza maji yaliingia jikoni. Akahamia hapa kwangu na magodoro yake na kelele zake, akalala kitandani kwako miezi minne. Tulikula vizuri miezi hiyo, na tulicheka. Kiangazi maji yakaanza kushuka, akarudi kwake kufagia matope.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, akanifuata gatini. Mimi nilikuwa juu, kwenye kivuli cha ukuta, nimefungua daftari mapajani. Akanisalimia kwa Kiha kama alivyokuwa akitusalimia marehemu mama: "Mwakeye, dada." Kisha akaniuliza, "Dada, niambie mimi mdogo wako. Maji yatarudi?"

Nikasema, "Yatarudi." Sikuinua hata kichwa.

Akasema, "Haya, nashukuru," akaenda zake. Alikuwa amevaa kile kitenge cha bluu ambacho baadaye alikupa wewe.

Wiki ile ile akaanza kujenga. Alibomoa jiko lililoharibika akajenga jipya, akasogeza ukuta wa uwanja mbele zaidi, kulekule maji yalikotoka, apate nafasi ya vichanja zaidi. Kila kitu alichokuwa nacho kilikwenda pale. Masika yakaja. Maji yakapita jiko jipya, yakakaa chini ya ukuta siku nyingi yakiula, na alfajiri moja, akiwa anaokota vyombo, ukuta ukamwangukia mkono wa kulia.

Nilimkuta hospitali, mkono umefungwa, uso umejaa vumbi la tofali. Nilikwenda nikilia, wallahi nilikwenda nikilia. Lakini aliponiona tu akasema, mbele ya wagonjwa wote, "Uliniambia yatarudi!"

Na mimi, Rehema, dada mkubwa, mtu mzima na ushungi kichwani, nikamjibu: "Ndiyo, nilikuambia yatarudi. Si ndiyo haya yamerudi?"

Soma tena hapo kama hujaelewa. Aliposikia "yatarudi" yeye alielewa yatarudi nyuma, yatamwachia uwanja wake. Mimi nikadai kwamba nilimaanisha yatarudi tena, yatakuja juu, yaani nilimwonya. Neno lile lile moja. Kila mtu akaliingia kwa mlango wake, na mimi nikajifanya hakimu kwamba mlango wangu ndio uliokuwa wa haki. Akageukia ukutani. Mkono uliunga vibaya. Akahamia Mwamgongo kwa ndugu wa marehemu mumewe, na huko, nasikia, anaanika dagaa kwa mkono mmoja.

Ndugu wakaja kusuluhisha. Nikawaeleza kwa utulivu kabisa kwamba nilimwonya ila yeye hakuelewa Kiswahili. Wakasema, masikini, ni bahati mbaya, neno limewachanganya. Hata shangazi zako wakaniunga mkono. Nikajiunga mkono na mimi. Niliirudia hadithi hiyo mara nyingi hadi nikawa nauona uso wangu siku ile, umekunjamana kwa uangalifu, nikimwonya mdogo wangu.

Sasa nakwambia usiyoyajua wewe, wala Zena, wala hao wasuluhishi.

Siku ile sikumwonya. Wala sikumtuliza. Sikumaanisha kitu chochote. Swali nilikuwa nimelisikia mara mia, na jibu lilitoka kama mtu anavyosema "salama" akiwa na homa. Alikuja mdogo wangu wa tumbo moja, akatanguliza kabisa maneno "mimi mdogo wako" ili nijue kwamba haulizi kama wa sokoni, na mimi nikampa jibu la sokoni.

Tena kuna zaidi. Daftari lililokuwa mapajani mwangu asubuhi ile nilikuwa nimeshaliandika. Ngazi sikushuka. Magoti yalikuwa yananiuma, mawimbi yalikuwa makubwa, nikaandika namba ya jana, nikaipunguza kidogo kama kawaida ya kiangazi, nikajiambia ziwa halina haraka, litakwenda wapi. Na haikuwa siku ya kwanza. Mwezi ule nilinakili siku nyingi. Kwa hiyo hata kama ningetaka kumwambia Zena ukweli, sikuwa nao. Nilikuwa sijui maji yako wapi. Niliposhuka hatimaye, wiki iliyofuata, nikakuta hayajashuka kama nilivyokuwa nikiandika. Yalikuwa yamesimama juu, juu mno kwa mwezi ule, na mvua zilikuwa hazijaanza. Mtoto mdogo angeelewa maana yake.

Nikapita Kibirizi jioni ile ile. Nikawaona mafundi wakipandisha ukuta. Zena akanipungia mkono, huo huo wa kulia, akapiga kelele, "Dada, njoo uone, nimekujengea na wewe mahali pa kukaa unapokuja kunywa chai yangu!" Nikacheka, nikamwambia hongera. Nilitaka kumwambia asimamishe kazi. Nikafikiria nitakavyoanza: nilikuambia hivi, kumbe, daftari langu, magoti yangu. Nikaona aibu. Nikajiambia nisimchurie ndugu yangu siku ya furaha yake. Nikapita.

Basi. Ndilo hilo. Ukuta ulimwangukia mwezi wa nne, lakini mimi najua ni siku gani hasa ulipoanguka.

Sasa unaweza kunikasirikia. Ningependa unikasirikie ukiwa ndani ya treni, ukifika utakuwa umepoa kidogo.

Sina mawaidha ya kukupa, mwanangu. Mtu aliyenakili namba hana mimbari. Ila nikikufikiria kwenye hilo bwawa lako naona mambo mawili matatu, na nikinyamaza nitakuwa nimepita tena nikikuambia hongera.

Utachoka. Hakuna atakayekwambia hilo, wanadhani kazi ya kutazama maji ni kazi ya kukaa. Siku itafika ambapo maji ya leo yatafanana na ya jana, mkono utajua kuandika wenyewe, na hakuna mtu duniani atakayegundua. Siku hiyo shuka ngazi. Kama huwezi kushuka, acha nafasi wazi na uandike kwamba hukushuka. Nafasi wazi wataigombeza. Namba ya uongo hawataigombeza, wataijengea nyumba.

Na utaulizwa. Wenye hoteli watauliza, wakulima watauliza, mkubwa wako atauliza kwa sauti ya mtu ambaye ameshachagua jibu. Umeniambia kutakuwa na king'ora na ujumbe wa simu kwa wenyeviti wa vijiji. Vizuri. Lakini hivi karibuni nilikuona ukijizoeza kuandika huo ujumbe, umeweka mita na nukta, nikakosa usingizi. Mita ni za kwako na mkubwa wako. Zena asingefanya kitu na mita, hata ningempa zilizo sahihi. Ningemwambia, "Zena, masika haya maji yatapita jiko lako," angebomoa jiko kabla ya chai. Kwa hiyo ukifika, wiki ya kwanza, teremka chini ya bwawa utembee kando ya mto. Uliza wanafulia wapi, wanavukia wapi, jiwe gani linaitwaje. Siku ya kufungulia maji, waambie: leo saa nane mchana yatafika kwenye mawe ya kufulia, watoto wasiwepo. Neno liwe na mlango mmoja tu.

Na usipojua, sema hujui. Mimi neno hilo lilinishinda miaka yote. Nilidhani wa rula akisema "sijui" watamnyang'anya rula. Wakati mwingine Mungu mwenyewe anakuwa hajalileta wingu bado, wewe utajuaje? Wataguna. Watasema, huyu kasomea nini? Acha wagune. Mtu aliyeambiwa "sijui" huinua godoro lake juu akalala jicho moja wazi.

Hapo nimeacha kuandika kwanza. Nimetoka uani, nimewapigia kelele kuku bila sababu, nimerudi. Maana nilijisoma nikaona nakupa wewe maneno ambayo mwenyewe anayestahili kuyasikia bado hajayasikia. Nikachukua simu.

Alipokea mara ya pili. Hakusema haloo, nikasikia kuku wake nao wakipiga kelele. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia: kwamba sikumwonya, kwamba daftari lilikuwa la uongo, kwamba niliuona ukuta ukipanda nikapita. Sikutafuta maneno mazuri. Nilikaa chini kwenye kizingiti. Nilipomaliza akavuta pumzi akasema, "Miaka mitatu, dada. Miaka mitatu nimejiona mjinga nisiyejua Kiswahili."

Nikalia, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza, na alikuwa na haki.

Kisha akauliza, "Rehema hajambo?" Nikamwambia unaondoka kesho na treni ya jioni, kwamba unakwenda kufanya kazi kwenye bwawa, na kwamba asubuhi uliniuliza kama yeye atakuja. Nikamuuliza, "Zena, utakuja?"

Akasema, "Sijui, dada."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyetazama ndani akakuta ndivyo ilivyo. Akaongeza kwamba boti huondoka asubuhi upepo ukikubali, akakata simu. Ndilo jibu la kweli kuliko yote tuliyopeana mimi na yeye kwa miaka mingi, na nimeliweka kifuani.

Kwa hiyo lile jibu langu la asubuhi naliondoa. Uliniuliza kama mama mdogo atakuja kukuaga. Sijui, Rehema. Boti za Mwamgongo huingia Kibirizi kabla ya adhuhuri. Kesho nikishasoma rula, tutachukua mizigo yako tushuke kwanza huko, tukae pale zinapofunga, tungoje watu washuke wote, mpaka wa mwisho. Halafu ndipo twende stesheni.

Mama yako,
wa kwenye rula